Sanduku la Wasomaji: Mwalimu wa Takwimu za Kidato cha Tano na Sita

Kila likizo ikikaribia, barua kuhusu tuisheni ya hisabati huongezeka, na safari hii nyingi zimeuliza juu ya mada mbili tu: takwimu na uwezekano. Tumechagua barua tano. Walimu wetu wa hisabati wamezijibu.

Kijana wa chuo anasema anajua hisabati yote. Nimpimeje?

*Mhariri, mwanangu yuko Kidato cha Tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Kalkulasi anaiweza, vekta anaziweza, ila takwimu na uwezekano anaanguka kila mtihani. Kuna kijana wa chuo jirani yetu anataka kumfundisha jioni. Mimi niliishia Kidato cha Nne na hesabu nilipata F. Nitamjuaje kama anaweza kweli? — Mzazi, Morogoro*

F yako haikuzuii kumpima. Si lazima ujue kutatua swali. Ukiwa na jibu sahihi mkononi, na ukajua pale watu wanapoteleza, inatosha kumsikiliza anavyoeleza.

Kabla hujamwita, chukua karatasi tatu au nne za mitihani ya mwanao zilizokwisha kusahihishwa. Kila palipopigwa mkasi, mwulize ilikuwaje, kisha andika pembeni moja kati ya herufi tatu. F: hakujua atumie fomula gani. K: alijua, akakosea kukokotoa. L: hakuielewa lugha ya swali. Hiyo ya tatu msiidharau. Mtihani ni wa Kiingereza, na maneno kama *at least* na *at most* yanageuza swali zima. Mtoto akisoma "angalau wawili" kama "wawili", hesabu yake itakuwa safi na maksi ataambulia chache. Mwenye K nyingi hahitaji mwalimu, anahitaji mazoezi na kikokotoo anachokijua. Mwenye F nyingi ndiye wa kutafutiwa mtu.

Sasa mwite kijana, mpe maswali haya matatu, ayatatue mbele ya mwanao kwa sauti.

La kwanza. Alama za wanafunzi 40 ziko kwenye madaraja: 40–44 wako 4, 45–49 wako 9, 50–54 wako 15, 55–59 wako 8, 60–64 wako 4. Atafute wastani na mkengeuko sanifu, ile SD ya ubaoni inayopima alama zimetawanyika kiasi gani, kwa njia ya koding (kugeuza alama kuwa namba ndogo kama -1, 0 na 1) akidhani wastani ni 52, kisha atafute mediani, alama ya katikati. Majibu: wastani 51.875, mkengeuko 5.53, mediani 51.83.

Akipata mediani ya 52.33, ameanzia kwenye 50 badala ya mpaka halisi wa daraja, 49.5. Akipata mkengeuko wa 1.11, amesahau kuzidisha kwa upana wa daraja, yaani 5. Wapo pia wanaojumlisha ile 52 kwenye mkengeuko kama walivyofanya kwenye wastani, wanapata 57 na kitu. Huyo wa mwisho mshukuru kwa heshima na umwage, kwa sababu hajui mkengeuko unapima nini: alama zote ziko kati ya 40 na 64, haiwezekani zitawanyike kwa 57.

La pili. Kiwanda kina balbu mbovu asilimia 2. Kwenye boksi la balbu 150, kuna uwezekano gani mbovu zisizidi mbili? Kwa mtawanyo wa Poisson, fomula ya matukio adimu, wastani ni 150 × 0.02 = 3, na jibu ni 0.423. Akilipata, mwulize: "Mbona hukutumia binomia?" Jibu zuri litasema binomia ndiyo yenye hesabu kamili na inatoa 0.421, lakini balbu zikiwa nyingi na uwezekano wa ubovu ukiwa mdogo, Poisson inaikaribia sana kwa kazi ndogo. Jibu baya ni "swali la namna hii huwa la Poisson." Hilo ni la mtu aliyekariri, naye atamkaririsha mwanao.

La tatu. Sarafu inarushwa mara 100. Kwa kutumia mtawanyo wa kawaida, ule wa mkunjo wenye umbo la kengele, kuna uwezekano gani wa kupata vichwa 60 au zaidi? Wastani 50, mkengeuko 5. Anayejua ataanza na 59.5, atapata z = 1.9, yaani mikengeuko 1.9 juu ya wastani, na jibu 0.0287. Asiyejua ataanza na 60, z = 2, jibu 0.0228. Idadi ya vichwa huruka kutoka 59 kwenda 60, lakini mkunjo hauruki, kwa hiyo 60 inahesabiwa kuwa inashika nafasi kutoka 59.5 hadi 60.5. Hapohapo mchunguze anavyosoma jedwali. Kuna majedwali yanayoonyesha eneo kuanzia katikati ya mkunjo, ambapo 1.9 inasomeka 0.4713, na mengine yanaonyesha eneo lote la kushoto, 0.9713. Mwalimu mzuri huchora mkunjo kwanza, anapaka wino sehemu inayotakiwa, ndipo anafungua jedwali. Asiyechora atachanganya siku moja, na mwanafunzi atachanganya kila siku.

Sisi tungemchukua aliyepata mawili na la tatu akasema "hili sina hakika, nitaliangalia", tukamwacha aliyepata yote matatu lakini hawezi kueleza 49.5 imetoka wapi.

Asipofaa, kwa Morogoro hamko mbali na pa kutafuta: Chuo Kikuu cha Mzumbe kinafundisha shahada ya takwimu tumizi. Ila angalia jambo moja. Anayesoma takwimu chuoni kazi yake kubwa anaifanya kwenye kompyuta. Koding na mediani ya madaraja pengine hajazigusa tangu alipomaliza Kidato cha Sita. Mpe silabasi wiki moja kabla ya kumpima. Mwalimu wa Advanced Mathematics wa shule nyingine ya jirani mara nyingi anamzidi kwa sababu mada hizi anazifundisha kila mwaka.

Imebaki miezi michache, nichukue mwalimu wa peke yangu?

*Shikamooni. Niko Kidato cha Sita, EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), mtihani ni Mei. Kuna tuisheni ya kundi, darasa lina watu kama hamsini, na kuna mwalimu wa mmoja mmoja ila bei yake ni kubwa. Hela ya nyumbani haitoshi kila siku. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Darasa la watu hamsini ni shule nyingine tu, jioni. Utaona mwalimu akitatua, utanakili, utarudi bweni ukidhani umeelewa. Wa peke yako kila siku nao ni upotevu, maana takwimu inataka ukae na maswali mwenyewe kati ya kipindi na kipindi. Tafuteni kundi la wanne mnaolingana, mgawane gharama, vipindi kumi vya dakika 90, viwili kwa wiki. Hapo Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachoandaa walimu wa sayansi na hisabati. Mwanachuo wa mwaka wa tatu aliyekwisha kwenda mazoezi ya kufundisha atawafaa.

Kwenye fomati iliyozoeleka, takwimu iko Advanced Mathematics 1, karatasi yenye maswali kumi ya maksi kumi kumi. Uwezekano uko karatasi ya pili, ambako swali moja hubeba maksi zaidi. Kwa hiyo gawanyeni vipindi kwa uzito: viwili vya takwimu za madaraja, kimoja cha kikokotoo, viwili vya mipangilio (permutations), michaguo (combinations) na uwezekano wenye masharti, kimoja cha vigeu nasibu (random variables), vile vya kuhesabika na vile vya kuintegreti, viwili vya binomia na Poisson, viwili vya mtawanyo wa kawaida. Silabasi na fomati hubadilika. Chukueni ya mwaka wenu kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kabla hamjapanga.

Kipindi cha kikokotoo watu hukiruka, kisha wanalia. Kwenye kikokotoo cha Casio fx-991MS, ambacho wengi mnacho, ingia MODE ya SD, futa ya zamani kwa SHIFT CLR 1, kisha ingiza alama ya katikati ya daraja, SHIFT na mkato, marudio yake, halafu M+. Jaribuni data tuliyompa mzazi wa Morogoro hapo juu: 42 mara 4, 47 mara 9, 52 mara 15, 57 mara 8, 62 mara 4. SHIFT 2, chagua 1, itoke 51.875. SHIFT 2, chagua 2, itoke 5.53. Ikitoka 5.60 umechagua 3, ambayo inagawa kwa 39 badala ya 40. Wastani ukiwa wa ajabu kabisa, hukufuta data ya zamani. Kikokotoo ni cha kuhakikishia; swali likitaka njia, jibu tupu halikupi maksi zote.

Ndani ya dakika 90, ya mwalimu isizidi nusu. Robo saa ya mwanzo ni makosa ya mazoezi mliyopewa, kila mmoja alete lake. Dakika 40 zinazofuata mnatatua nyinyi, yeye amenyamaza, anapita nyuma yenu. Zilizobaki aeleze pale wengi walipokwama. Mkiona kalamu iko mkononi mwake muda wote, mwambieni kwa adabu aiweke chini.

NECTA huchapisha pia, kwa kila somo, uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure, unaoonyesha maswali yaliyofeliwa na sampuli za majibu mabaya na mazuri. Someni sehemu ya takwimu pamoja na mwalimu wenu. Kama hajawahi kuuona, aujue leo.

Lipeni kwa kipindi, msilipe kwa mwezi. Mwezi ukishalipwa, vipindi huanza kufa kimoja kimoja: mvua, msiba, umeme.

Mwalimu wa darasani anataka tumlipe jioni

*Mwalimu wa hisabati wa binti yangu anasema mada ya uwezekano hawezi kuimaliza darasani, anayetaka aende kwake jioni kwa malipo. Nimruhusu? — Baba, Tabata*

Usimruhusu bado. Mada iliyoko kwenye silabasi ni haki ya darasa zima katika muda wa shule. Mwandikie mkuu wa shule barua fupi, bila kumtuhumu mtu, uulize mada ya uwezekano imepangwa kufundishwa wiki zipi. Swali hilo peke yake mara nyingi humaliza mambo. Ukitaka tuisheni, mchukue mwalimu asiyemsahihishia binti yako mitihani ya shule, hapo maksi anazopata zitakuwa zake.

Na iwe kwenu au mahali pa wazi: sebuleni, mlango wazi, mtu mzima wa nyumbani akiwepo. Kwenye chumba cha mwalimu hapana, hata awe mtu wa ukoo.

Mjomba yuko Dar, mtoto yuko Ohio

*Binti yetu anasoma AP Statistics, kozi ya takwimu ya ngazi ya chuo inayofundishwa sekondari za Marekani, hapa Columbus. Walimu wa ziada hapa ni ghali. Mjomba wake ni mhandisi Dar es Salaam, hesabu anaziweza sana, anataka kumfundisha kwa simu ya video. Inafaa? — Mama, Columbus, Ohio*

Inafaa, kwa sharti moja: mjomba asome kwanza namna mtihani huo unavyosahihishwa. Mhandisi aliyepita PCM ataona hesabu za AP Statistics ni nyepesi, na hapo ndipo atakapompoteza mtoto, kwa sababu maksi nyingi za maswali ya kujieleza haziko kwenye hesabu. Ziko kwenye sentensi.

Kwa utaratibu uliozoeleka, kila swali la kujieleza hupewa alama kutoka 0 hadi 4, na sehemu zake husahihishwa kwa ngazi tatu: E kwa iliyo sahihi kimsingi, P kwa iliyo sahihi nusu, I kwa iliyokosewa. Mtoto anaweza kukokotoa vizuri akapata P kwa kuwa hakutaja sharti au hakurudi kwenye habari ya swali. Chukua mfano: shule inataka kujua kama zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wanakuja kwa basi. Kabla ya kupima dhana hiyo lazima aandike, na aonyeshe kwa namba za swali, kwamba sampuli imechukuliwa kwa bahati nasibu, kwamba haizidi asilimia 10 ya wanafunzi wote, na kwamba wanaotarajiwa kuja kwa basi na wasiokuja kwa basi, kila upande, si chini ya 10. Ndipo anakokotoa. Tuseme kiwango cha kukatia ni 0.05, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama haya au yanayozidi ikiwa dhana tupu (kwamba ni nusu tu) ni kweli, imetoka 0.03. Hitimisho lenye maksi zote ni la namna hii: kwa kuwa 0.03 ni ndogo kuliko 0.05, tunaikataa dhana tupu. Kuna ushahidi wa kuridhisha kwamba uwiano wa wanafunzi wote wa shule hii wanaokuja kwa basi unazidi 0.5. Akiandika "tumethibitisha kwamba wengi wanakuja kwa basi", kashuka. Na p ikiwa kubwa, akaandika "tunaikubali dhana tupu", kashuka tena, maana kukosa ushahidi wa kuikataa hakuifanyi kuwa kweli.

Kosa jingine la wanaojua hesabu: kunakili kitufe cha kikokotoo cha TI-84, *normalcdf* na namba nne ndani yake, bila kusema ipi ni wastani, ipi ni mkengeuko, na mpaka uko wapi. Aandike jina la mtawanyo, wastani, mkengeuko, mpaka na upande anaoutaka, kisha jibu.

Kumpima mjomba ni rahisi. College Board, wenye mtihani huo, huweka kwenye tovuti yao ya AP Central maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita, miongozo ya usahihishaji, na majibu halisi ya wanafunzi pamoja na alama walizopewa. Mpe jibu moja bila alama yake, alisahihishe kwa kufuata mwongozo. Akitofautiana na wasahihishaji kwa alama moja, ni kawaida. Akitoa 4 mahali walipotoa 2 kwa sababu "hesabu yake si iko sawa?", asome miongozo mitano zaidi kabla ya kukutana na binti. Muundo wa mtihani nao hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo afuate maelezo rasmi ya mwaka ambao binti atafanya.

Saa nazo mzipange mapema. Saa za Dar ziko mbele ya Columbus kwa saa saba wakati wa kiangazi cha huko na saa nane wakati wa baridi. Jioni ya shule kwenu ni usiku wa manane kwake. Jumamosi saa tatu asubuhi ya Columbus ni saa kumi jioni au saa kumi na moja jioni ya Dar, muda ambao wote wako macho. Binti apige picha majibu yake aliyoandika kwa mkono na kuyatuma Ijumaa, ili Jumamosi isiishe kwenye kusubiri picha. Mazoezi ya kila siku ayafanye Khan Academy, bure, na ya AP Classroom ambayo mwalimu wake wa shule anamfungulia. Mjomba abaki na sentensi.

Mwalimu wa KCSE anaweza kufundisha Cambridge?

*Kijana wangu anafanya Cambridge A Level Mathematics. Mwalimu tuliyempata ni hodari sana wa KCSE, mtihani wa Kenya wa Kidato cha Nne. Atamudu upande wa takwimu? — Mzazi, Mombasa*

Inategemea ni karatasi gani. Muulize kijana wako: Paper 5 au na Paper 6? Zote ni za saa moja na robo, maksi 50 kila moja, lakini si mzigo mmoja.

Paper 5 ina uwasilishaji wa data, mipangilio na michaguo, uwezekano, vigeu nasibu vya kuhesabika pamoja na mtawanyo wa binomia na wa jiometriki, na mtawanyo wa kawaida. Mwalimu wa KCSE anafundisha kila mwaka ojivu, robo, mkengeuko kwa wastani wa kudhani, na michoro ya miti ya uwezekano, kwa hiyo sehemu ya mwanzo atakuwa nyumbani. Mpime kwa mtawanyo wa jiometriki na mtawanyo wa kawaida. Swali la sarafu tulilompa mzazi wa Morogoro litamtosha, maana makadirio ya binomia kwa mtawanyo wa kawaida yamo.

Paper 6 ni habari nyingine: Poisson, mchanganyiko wa vigeu, vigeu endelevu, sampuli na makadirio, na upimaji wa dhana. Hiyo haimo KCSE. Mwalimu ambaye hakuisoma chuo kikuu atakuwa anajifunza usiku mmoja kabla ya kijana wako, na wewe ndiye unayelipa. Mwombe aeleze tofauti ya makosa ya aina ya kwanza (kuikataa dhana tupu iliyo kweli) na ya pili (kushindwa kuikataa isiyo kweli) katika kupima dhana, na ayakokotoe kwa mfano mmoja wa binomia. Akihitaji wiki nzima kujiandaa kwa hilo, mbakishe kwa Paper 5 na mtafutie kijana wako mwalimu mwingine wa Paper 6.

Hakikisha pia kijana ana kijitabu cha fomula cha MF19, ambacho Cambridge hukitoa kwenye mtihani na ndicho chenye jedwali la mtawanyo wa kawaida. Afanye mazoezi kwa jedwali hilohilo tangu sasa.